Waheshimiwa Madiwani, Rumande Imo Ndani ya Bajeti Yenu

Yethro, kuhani wa Midiani, alimfuata mkwewe Musa jangwani, akamkuta ameketi peke yake akiamua mashauri, na umati umesimama mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Mzee yule hakumsifu kwa bidii. Alimwambia waziwazi kwamba jambo lile si jema: atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye. Tukisoma habari hii katika Kutoka sura ya 18, macho yetu humwendea Musa. Leo nawasihi muwatazame wale waliosimama. Siku ile nani alichunga mifugo yao? Nani aliwaokotea watoto wao mana?

Nasema nanyi, waheshimiwa madiwani, na nanyi wananchi mliowapa kura. Bajeti ya halmashauri inapojadiliwa, habari za polisi, mahakama na magereza mnazipita, kwa kuwa mafungu yake yako Serikali Kuu. Ni kweli, ugali wa mahabusu haulipwi na halmashauri. Lakini kesi inayokokotwa inawala ninyi pia kila siku, na hakuna kasma yenye jina lake.

Mtazameni tabibu wa kituo cha afya aliyejaza fomu ya polisi ya PF3 ya binti aliyebakwa. Anaitwa kutoa ushahidi. Anafunga chumba chake, anapanda basi kwenda wilayani, na kinamama wajawazito wanabaki kwenye benchi. Akifika, shauri linaahirishwa. Mwezi ujao anaitwa tena, na linaahirishwa tena. Mshahara wa siku zile umelipwa, wagonjwa hawakutibiwa, na yule binti bado hajapata haki yake. Mwalimu naye hali ni hiyo hiyo, na mtendaji wa kijiji, na afisa ustawi wa jamii.

Mtazameni na kijana wa kikundi kilichokopeshwa kutoka asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na lazima irudi ili wengine nao wakope. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na mnajua ni vilio vingapi vilisikika juu ya fedha zisizorudi. Sasa kijana huyu amekamatwa kwa kosa lenye dhamana na yuko rumande. Pikipiki ya kikundi imekuwa kielelezo, inaota kutu kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Rejesho litatoka wapi?

Na kwa nini yuko rumande, ilhali kosa lake lina dhamana? Hapa moyo wangu unawaka. Mdhamini anatakiwa kuja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na mtendaji ni mtumishi wenu! Mama wa kijana anafika ofisini, anaambiwa mtendaji yuko kwenye kikao. Kesho anaambiwa mhuri umefungiwa. Ziko ofisi ambako barua haitoki mpaka itoke kwanza hela ya karatasi. Hela hiyo ni ya dhuluma, Mungu anaiona, na kila siku inayopotea kwa ajili yake ni siku ya mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani. Ufunguo wa mahabusu wengi umelala kwenye droo ya halmashauri.

Msije mkadhani nawahimiza mzikimbize kesi ili faini zijaze mfuko. Mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, Marekani, ulichukua njia hiyo. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ya Machi 2015 ilionyesha kwamba mji ulitarajia dola milioni 3.09 kutokana na faini na tozo za mahakama, katika mapato ya dola milioni 13.26. Polisi walisukumwa waandike makosa, na maskini walioshindwa kulipa wakatolewa hati za kukamatwa. Halmashauri ikianza kuitegemea dhambi ya raia ili ilipe madeni yake, imekwisha kupotoka.

Katiba yetu, Ibara ya 107A, inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi mapendekezo yake Julai 2023. Hayo yana wenyewe wa kuyatekeleza. Wala hakuna diwani mwenye haki ya kumwelekeza hakimu.

Yaliyo yenu yanatosha kuwatoa jasho. Tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtu mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu anaweza kuamriwa afanye kazi bila malipo hospitalini, shuleni au barabarani, huku akilala kwake na kulea wanawe. Mitaro yenu imeziba, nyasi za zahanati zimefika kiunoni. Mmepeleka kwa maafisa wa uangalizi orodha ya kazi zilizopo?

Kwenye kikao kijacho cha baraza, kabla hamjapitisha tarakimu yoyote, muulizeni mkurugenzi barua za dhamana zinachukua siku ngapi kutoka katika kila kata, na nani anatoza fedha. Asipokuwa na jibu, msipige kura mpaka alilete.