Mtunzaji na Mwenye Mali

Je, kukitunza kitu kwa miaka mingi, tena kukitunza vizuri, kunampa mtunzaji haki ya kukiita chake? Swali hili huonekana jepesi mtu anapolisikia kwa mara ya kwanza. Wengi wetu hujibu haraka kwamba la, mali ni ya mwenyewe. Lakini tukilitazama kwa makini tutaona kuwa lina matawi mengi, na kwamba jibu la haraka halitoshi.

Iko kazi moja duniani ambayo kiini chake ni swali hili. Ni kazi ya mhifadhi wa makumbusho. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wapo watu waliosoma miaka mingi ili wakabidhiwe picha, sanamu na mapambo ya karne zilizopita. Kazi yao si kufuta vumbi. Hulinda vitu visiharibiwe na mwanga mkali wala unyevu, huamua kipi kitolewe stoo kikaonyeshwe, na huandika yale maelezo mafupi ambayo mtazamaji huyasoma pembeni ya kitu. Zaidi ya yote, hutafuta historia ya kila kitu: kilitoka mkono upi kwenda mkono upi. Mhifadhi wa picha za zamani huigeuza picha na kuisoma mgongoni, maana huko ndiko iliko mihuri, namba za mnada na karatasi zilizobandikwa na wenye mali waliopita. Akikuta kwamba picha ilikuwa ya familia ya Kiyahudi mwaka 1933, kisha haina habari yoyote mpaka 1945, hana budi kushtuka. Mwaka 1998 wajumbe wa nchi 44 walikutana Washington wakakubaliana kwamba vitu vya sanaa vilivyoporwa na Wanazi vitafutwe, na wenyewe au warithi wao watendewe haki.

Msomaji anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Samuye, watu wa pamba, mtama na ng'ombe? Yanatuhusu, kwa sababu lipo pambo moja mashuhuri la Ulaya ambalo moyo wake umetoka katika udongo wa mkoa wetu. Mnamo Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui uliogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa iwe zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka huo huo. Ilikatwa na kung'arishwa huko London ikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 nyumba ya Cartier ya London ikaiweka katikati ya ua lililotengenezwa kwa almasi nyeupe, likawa pambo la kubandika kifuani. Malkia alilivaa kwa miaka mingi, na mwaka 2012 watu walikata tikiti kuliangalia katika maonyesho ya almasi kwenye jumba la Buckingham. Malkia alifariki mwaka 2022, na ua lile limebaki kwa jamaa yake.

Sasa, pambo hili ni la nani? Wapo wanaosema kwa hasira kwamba ni letu, tuliibiwa. Mimi siwezi kusema hivyo kwa wepesi. Halikuporwa vitani kama vitu vilivyochukuliwa Benin mwaka 1897. Mgodi ulikuwa na hati, mwenye hati alitoa zawadi, na aliyepewa alipokea. Tena lile ua ni ufundi wa watu wa London, ambao nao walitoka jasho lao. Mtu mwadilifu hawezi kudai jiwe akasahau mikono iliyolipamba.

Lakini pia siwezi kuridhika na jibu la hati peke yake. Hebu tutumie kipimo cha nyumbani. Usukumani ni desturi ya tangu zamani kwamba mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa majirani na jamaa wamtunzie. Mzee mmoja wa hapa Samuye, aliyepata kutunza ng'ombe wa watu kwa miaka mingi, aliwahi kunieleza sheria yake kwa maneno machache.

“Mwalimu,” alisema, “maziwa ni yako na samadi ni yako. Ndama si wako mpaka mwenyewe akupe.”

“Na ng'ombe akifa machungani, Mzee?”

“Unampelekea ngozi. Ukienda mikono mitupu, umeiba.”

Nimeyafikiri sana maneno hayo, na naona yanabeba falsafa nzima ya utunzaji. Kwanza, mtunzaji ana haki: hafanyi kazi bure. Pili, haki yake ina mpaka, nao ni tofauti iliyopo kati ya kile ambacho ng'ombe hutoa kila siku na ng'ombe mwenyewe. Tatu, mtunzaji anadaiwa habari. Hata hasara inapotokea pasipo kosa lake, lazima alete ushahidi wa kilichotokea.

Sasa tuipime ile almasi. Mwaka 1947 Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini, iliyokabidhiwa kwa Uingereza chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946 ili itunzwe kwa manufaa ya watu wake mpaka waweze kujitawala. Yaani kwa sheria yao wenyewe, Waingereza walikuwa watunzaji wa ng'ombe wa watu. Basi tuulize: almasi ni maziwa au ni ng'ombe? Maziwa hukamuliwa leo na kesho yakawepo tena. Jiwe likishachimbwa halioti jingine mahali pake. Kwa hiyo nionavyo mimi, hata kama kila karatasi ilitiwa sahihi kwa taratibu, jambo moja lilikosekana: hakuna aliyewauliza wenye boma. Zawadi ilitoka katika nchi inayotunzwa ikaenda katika nyumba ya mfalme wa mtunzaji. Sheria inaweza isione kosa hapo. Dhamiri huona.

Wapo watakaonijibu kwamba kama lingekuwa mikononi mwetu lingeshapotea. Hoja hii inauma kwa sababu si uzushi mtupu. Mwaka 1984 makumbusho yetu ya taifa, Dar es Salaam, iliibiwa, na miongoni mwa vitu vilivyopotea ilikuwamo barakoa ya Kimakonde. Ilikuja kuonekana Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, iliyokuwa imeinunua. Ilichukua miaka mingi ya mazungumzo mpaka ikarudishwa mwaka 2010. Mtu anaweza kusema: mnaona, Waswisi waliitunza salama, ninyi hamkuweza.

Jibu langu ni lile la bomani. Mtu ambaye ua wake umebomoka akaibiwa ng'ombe hapotezi haki ya kumdai ng'ombe huyo. Uzembe si hati ya kuhamisha mali. Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba mtu huyo ana wajibu wa kujenga ua wake kabla ng'ombe hajarudi, na akikataa kuujenga, majirani watakuwa na haki ya kutilia shaka upendo wake kwa mifugo. Madai bila matunzo ni kelele. Ni wangapi kati yetu tunaolalamikia vitu vilivyoko Ulaya, na huku ngoma na viti vya babu zetu tumeviacha viliwe na mchwa?

Katika jambo hili mfano mzuri hauko mbali. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Wasukuma: ngoma za watemi, silaha, vyombo vya waganga na vya wacheza ngoma. Ngoma zikawekewa nyumba yenye umbo la kiti cha mtemi. Wamisionari wengi wa wakati ule waliviona vitu kama hivyo kuwa ni ushenzi. Yeye, mgeni, aliviheshimu. Tena hakuvipeleka kwao Quebec. Aliviweka hapa hapa, ambapo mjukuu wa mwenye ngoma anaweza kwenda kuitazama ngoma ya babu yake kwa nauli ya basi. Wakanada wawili walikuja Usukumani karibu wakati mmoja. Mmoja alitoa kitu chetu kikaenda mbali, mwingine alitutunzia vitu vyetu nyumbani. Tofauti yao haikuwa rangi wala utaifa. Naamini ilikuwa katika namna kila mmoja alivyojibu swali la nani mwenyewe.

Basi turudi kwa mhifadhi. Simtaki aibomoe kazi ya Cartier ili anirudishie jiwe. Ninachomdai kwanza ni ngozi, yaani habari kamili. Popote ua lile litakapowekwa, maelezo yake yasiishie kwenye jina la aliyelivaa na nyumba iliyolitengeneza. Yaseme jiwe lilitoka Mwadui, katika nchi ya udhamini, kwa mikono ya wachimbaji ambao majina yao hayapo kwenye zawadi. Wapo watakaosema hilo ni dogo. Mimi naliona ndio mwanzo wa haki, kwa kuwa huwezi kujadiliana juu ya ng'ombe na mtu ambaye hajakiri kwamba ng'ombe alikuwa na mwenyewe.

Na kwetu sisi, kila mmoja ni mhifadhi wa kitu: shamba la ukoo, kisima cha kijiji, mtoto wa marehemu ndugu, ofisi ya umma. Tunywe maziwa tuliyoruhusiwa, tuhesabu ndama kwa uaminifu, na siku ya kuulizwa tusiende mikono mitupu.