Bahasha za Mzee wa Kashikishi

Nina swali ambalo limeninyima raha tangu Januari, na sidhani kama nyote mtalikubali jibu langu. Ukimkuta mtu anauza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa, na ukajua kwamba yeye hajui anachouza, je, inafaa kunyamaza na kununua?

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mkusanyaji wa stempu. Wenzangu wa hosteli wananicheka, wanasema huo ni uraibu wa wazee wa Kizungu. Hawajui raha yake, wala hawajui kwamba ada ya muhula wa pili mwaka jana ililipwa kwa stempu. Katika minada ya mtandaoni, kama eBay au ule wa Delcampe wa Ubelgiji, kila usiku vitu vya kale vinauzwa kwa maelfu: stempu, sarafu, kadi za wachezaji, postikadi. Wakusanyaji wote, wa kadi au wa stempu, wana ujanja ule ule wa kuwinda bei nafuu. Unatafuta tangazo ambalo muuzaji amekosea herufi za jina, kwa sababu wengine hawataliona. Unatafuta picha mbaya yenye giza. Unatafuta mnada unaofungwa saa ambayo wanunuzi wengi wamelala, kisha unaweka dau lako sekunde za mwisho. Wakati mwingine unapata kwa dola tatu kitu ambacho kwenye katalogi ni dola themanini.

Kila mkusanyaji analijua tukio la mwaka 1873, pale mvulana wa miaka kumi na miwili huko Guyana ya Waingereza alipoikuta stempu chakavu ya senti moja katika barua za nyumbani kwao akaiuza kwa shilingi sita. Mwaka 2014 stempu hiyo iliuzwa New York kwa takriban dola milioni 9.5. Tunaisimulia hadithi hiyo kwa furaha, na sijawahi kumsikia mtu akimsikitikia yule mvulana.

Dini yetu haichukii bei nafuu. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja na Mtume (s.a.w.) amnunulie mbuzi. Akanunua wawili kwa dinari hiyo, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari mkononi. Mtume hakumkaripia, alimwombea baraka katika biashara zake. Mnada nao una asili: Mtume mwenyewe alinadi kitambaa na bakuli vya mtu maskini, mmoja akasema dirham, akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili. Kwa hiyo anayesema kwamba faida ya ujuzi ni haramu amekosea. Mimi nimesoma stempu kwa miaka sita. Nimekesha na katalogi na lenzi. Ujuzi huo ni jasho kama jasho jingine.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia hadi nilipofika Nchelenge.

Mjomba wangu ananunua samaki katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Likizo iliyopita nilimfuata: Tunduma, Kasama, Mansa, kisha bonde la Luapula kuelekea kaskazini mpaka ziwa linapojifungua mbele yako. Anaishi Kashikishi, pale penye soko kubwa. Siku kukiwa hakuna ukungu unaona milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Watu wa pande zote mbili wamekuwa wakivuka tangu zamani, na wengine walivuka kwa kukimbia, hasa vita vilipofika Pweto mwishoni mwa mwaka 2000. Ndiyo maana katika mji huo wa Kibemba utasikia pia Kiswahili, Kiswahili cha Katanga chenye ladha yake.

Nilifika wakati mbaya. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali inafunga uvuvi ili samaki wazaane. Ni sheria nzuri, lakini kwa miezi hiyo mitatu mifuko ya watu inakauka. Mzee mmoja, jirani wa mjomba na mshona nyavu, aliposikia kuna kijana msomi anayependa barua za kale, alikuja na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na bahasha kumi na nne. Marehemu baba yake alikuwa karani Pweto, na hizo zilikuwa barua alizopokea.

Nilizifungua moja moja na moyo ukaanza kwenda mbio. Julai 11, 1960, siku kumi na moja tu baada ya Kongo kupata uhuru, Moise Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Serikali yake ilichukua stempu za Kongo ya Wabelgiji na kuzipiga chapa ya neno KATANGA, kisha ikatoa za kwake. Hakuna nchi iliyoitambua dola ile, na Januari 1963 ilikwisha. Stempu zake peke yake hazina bei, maana wakusanyaji wa Ulaya walizinunua kwa wingi zikiwa mpya. Kinachotafutwa ni bahasha iliyosafiri kweli, yenye mhuri wa posta ndogo, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Hapo nilikuwa na barua zilizotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1961, zikiwa na mhuri wa kupokelewa Pweto nyuma yake.

Mzee akaniuliza: "Mutoto wangu, wewe umesoma. Hizi ni kitu gani?"

Nikajibu: "Ni karatasi za zamani tu, mzee. Lakini mimi napenda vitu vya zamani."

Alitaka kwacha mia mbili, alikuwa na mjukuu wa kumnunulia sare ya shule. Nikampa mia tatu na hamsini, na nikajiona mkarimu. Akaniombea dua.

Niliporudi chuoni niliweka bahasha moja mnadani. Wabelgiji wawili walipandishiana dau mpaka euro 165. Ukigeuza wakati huo, zilikuwa zaidi ya kwacha elfu nne. Kwa bahasha moja, na bado nilikuwa na kumi na tatu.

Usiku huo niliwaeleza wenzangu wawili baada ya Isha. Mmoja, anayesoma sheria, akasema biashara imetimia: kulikuwa na ridhaa, bei ilitajwa, bidhaa ilionekana, hakuna ghashi. Akaongeza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu akinunua kipande cha kioo akidhani ni johari, hana hiari ya kurudisha, kwa kuwa uzembe ni wake. Basi, akasema, na aliyeuza johari akidhani ni kioo ni hivyo hivyo. Hoja yake ni nzito na sikuweza kuivunja kwa upande wa hukumu.

Lakini kulikuwa na jambo nililoliona Kashikishi, nalo lilinirudia. Mjomba ananihadithia kwamba ziwa likiwa wazi, baadhi ya wachuuzi hawangoji mitumbwi ifike ufukweni. Wanatoka alfajiri kwa mitumbwi yao, wanawakuta wavuvi majini, wananunua chisense kabla mvuvi hajasikia bei ya soko ya siku hiyo. Nilipomsikia nilishtuka, maana jambo hilo tumelisoma darasani kwa sura ya ngamia. Mtume (s.a.w.) alikataza kuupokea msafara nje ya mji, na akasema mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Hapo pia kuna ridhaa, bei imetajwa na bidhaa imeonekana. Kilichokosekana ni kwamba mmoja anaijua bei ya soko na mwenzake amezuiwa asiifikie.

Mahanbali wamelipanua jambo hili. Wanamtaja mtu asiyejua bei, asiyejua kupatana, ambaye amejiachia kwenye uaminifu wa mwenzake. Huyo akipunjwa punjo kubwa ana hiari. Sisemi tuhame madhehebu kwa ajili ya bahasha. Nasema tu kwamba waliona kitu ambacho mimi nilikiona usoni mwa yule mzee nikakigeuzia mgongo.

Hapa ndipo ninapotofautisha. Muuzaji wa mtandaoni aliyekosea herufi ameiweka bidhaa mbele ya dunia nzima. Soko analo mkononi, katalogi anayo kwenye simu, na wengi wao ni wafanyabiashara waliopata nafuu kwa watu wengine kabla ya mimi kuipata kwao. Hakuniuliza kitu. Nikimshinda kwa ujuzi, kama Urwa, naona ni halali yangu na nalala vizuri. (Ingawa sijui. Huenda baadhi yao ni wajukuu wanaouza kabati la bibi. Sijalimaliza hilo.) Mzee wa Kashikishi hakuwa na soko lolote isipokuwa mimi. Aliniuliza. Aliuliza kwa sababu nimesoma, na jibu langu lilikuwa kweli neno kwa neno: ni karatasi, na ni za zamani. Ile "tu" ndiyo iliyofanya kazi ya uongo.

Katika sherehe ya Sahih Muslim, Imam Nawawi ameitaja habari ya Jarir bin Abdillah (r.a.). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham mia tatu. Jarir alipomwona akamwambia mwenye farasi: farasi wako ni bora kuliko bei hiyo, utakubali mia nne? Akaendelea kupandisha dhidi yake mwenyewe mpaka mia nane. Alipoulizwa, alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Rafiki yangu wa sheria akasema huo ni ubora, si wajibu. Sawa. Lakini yule mwenye farasi hata hakuuliza, na wa kwangu aliuliza.

Rafiki wa pili akashauri nitoe sadaka kwa jina lake. Hilo nililikataa haraka kuliko yote. Sadaka ingenifanya mimi kuwa mtoaji, naye mpokeaji asiyejua kwamba anapokea kilicho chake.

Nilimpigia mjomba nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi ulinila heshima yangu hapa mtaani, maana alikuja kwako kwa kunijua mimi." Nilitoa ada ya mnada, gharama ya posta na zile mia tatu na hamsini. Iliyobaki niliigawa nusu kwa nusu: nusu yake kwa mali, nusu yangu kwa ujuzi. Kama mgawo huo ni wa haki sijui, na nakaribisha anayejua fiqhi ya ushirika anisahihishe. Mjomba akampelekea fedha, pamoja na ujumbe kwamba zile kumi na tatu bado ni zake: akitaka nitazirudisha, akitaka nitaziuza kwa niaba yake kwa ujira tutakaopatana, mbele ya mjomba.

Mzee alizihesabu noti mara mbili. Hakukasirika, mjomba anasema. Kuhusu zile kumi na tatu alisema niziuze. Aliuliza jambo moja tu: bahasha iliyokwenda kwa Wazungu ilikuwa ipi, ile yenye barua ndani yake au nyingine? Barua hiyo iko kwa Kifaransa, hakuwahi kupata mtu wa kumsomea, na alikuwa na nia ya kuniomba nimsomee siku ile, akaona haya kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Ilikuwa ndiyo. Niliiuza na karatasi yake ndani, kwa sababu bahasha yenye barua hupata bei zaidi. Nimemwandikia mnunuzi kumwomba picha ya barua. Mpaka naandika makala haya hajanijibu.