Je, Kusajili Kitabu ni Kuficha Ilimu?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani akaaye Mwihoko, upande wa Ruiru, ambako husomesha watoto, ametuuliza swali lililomkosesha usingizi. Alitunga kitabu kidogo cha kufunza sala, akakipeleka kutolewa kopi. Baada ya miezi michache alikiona kikiuzwa kwa jina la mtu mwingine, na mlango wa tayammum umeondolewa ili kupunguza karatasi. Wenziwe wakamwambia: kakisajili. Yeye akaogopa asije akawa miongoni mwa wafichao ilimu, ambao Mtume (S.A.W.) amewaonya kwa hatamu ya moto.

Khofu hii ni njema, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Kuficha ni kumnyima aulizaye. Sharia ya Kenya ya hakimiliki, ile ya mwaka 2001, hailindi hukumu ya tayammum wala nguzo za sala. Hizo hazina mwenyewe miongoni mwa waja. Yalindwayo ni maneno ya mtungaji na jinsi alivyoyapanga. Atakaye kufunza sala na afunze, atunge na chake.

Tena haki hiyo haizaliwi ofisini. Kitabu kikisha kuandikwa, haki imepatikana, nayo yadumu uhai wote wa mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni kuweka ushahidi tu. Hapa twaikumbuka aya ya deni katika Suratul Baqara. Deni ni deni hata lisipoandikwa, lakini tumeamrishwa kuliandika, kwani watu husahau, na wengine hukana. Mbona twaandikiana hati za shamba na nyumba, kisha twaona haya kuiandikia hati kazi ya mikesha ya miaka mitatu?

Wako wasemao kwamba utunzi si mali, maana haushikiki kwa mkono. Kauli hiyo yatokana na baadhi ya Mahanafi, walioona manufaa peke yake si mali. Sisi wa pwani twafuata madhehebu ya Imam Shafii, na humo manufaa huhisabiwa mali. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 huko Kuwait, Disemba 1988, lilikata kwamba haki za utunzi zalindwa kisharia, wala haijuzu kuzivunja. Hata kabla mitambo ya kuchapa haijafika Misri, Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kumlalamikia mtu aliyechukua kitabu chake pasipo kumtaja.

Lakini tuna neno na ndugu yetu pia, naye atuwie radhi. Tumekisoma kitabu chake. Milango miwili ni tafsiri ya Safinatun Najaa, karibu neno kwa neno, na Sheikh Salim bin Sumeir hakutajwa popote. Haki ya sheikh huyo mbele ya serikali imekwisha zamani. Haki ya kutajwa haijesha. Amtaje kwanza, ndipo asajili.

Na akitaka thawabu, kusajili hakumzuii, kwa kuwa mwenye mali ndiye awezaye kuiweka wakfu. Aziruhusu madrasa zitoe kopi bila malipo, kwa sharti jina libaki na tayammum isiondolewe. Ama yule aliyekiuza, idadi ya fedha alizopata aijua mwenyewe, na mwenye haki yuko Mwihoko, hajahama.