Kukodi Si Kununua

Kukodi ni desturi kongwe. Asiye na nyumba hupanga nyumba ya mwenziwe, asiye na jahazi hukodi jahazi, na msafiri aliyeacha chombo chake kwao hukodi chombo cha nchi aliyofikia. Desturi hii ni njema, kwa kuwa humfaa mwenye kitu asiyekihitaji kwa saa ile, na humfaa mwenye haja asiye na kitu. Lakini ndani yake limo swali ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: mtu akikodi kitu, amenunua nini hasa?

Na tulipime swali hili katika mji wa Voi. Mji huu uko kwenye njia kuu ya Nairobi na Mombasa, umepakana na Mbuga ya Tsavo iliyotangazwa mwaka 1948, na kutoka hapo hutoka njia ya Mwatate, Bura, Maktau na Taveta hata mpaka wa Tanzania. Wageni wa nchi za mbali hufika kutazama wanyama. Baadhi yao, wakiona pikipiki zilivyo nyingi, hutamani kukodi moja wajiendeshee wenyewe. Mbugani hazikubaliwi, lakini milima ya Taita iko wazi. Tamaa hiyo haina ubaya. Aendaye kwa pikipiki huiona nchi kwa karibu kuliko atazamaye kupitia kioo cha gari: hunusa udongo uliolowa mvua, huamkiwa na watoto, husimama apendapo.

Walakini mgeni akiulizwa juu ya mwendo wake wa kasi, aghalabu hujibu, "Nimelipa. Ikiharibika, nitalipa zaidi." Jibu hili lina nusu ya haki, na nusu ya haki hupoteza watu wengi kuliko uongo mtupu.

Kwanza, tufikiri juu ya kitu chenyewe. Mara nyingi pikipiki ya Voi si mali ya kijana anayeiendesha. Huipokea kwa tajiri wake, na kila jioni humpelekea fungu walilopatana. Kinachobaki ndicho unga na karo ya mdogo wake. Mgeni akiipondaponda leo, akalipa gharama ya fundi, kesho akapanda ndege kurudi kwao, amelipia chuma. Hakulipia siku ambazo kijana atakaa bila kazi, naye tajiri anangoja fungu lake. Basi mkodi amenunua matumizi ya siku moja. Hakununua kitu, wala riziki ya mwenye kitu. Kitu cha kukodi ni amana.

Pili, patano la kukodi lina watu wawili, lakini njia ina mtu wa tatu. Barabara ipandayo kutoka Mwatate kwenda Wundanyi ina kona nyingi, mlima upande huu na bonde upande huu. Hupita humo wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya mboga, na wazee wasiosikia vizuri. Hakuna hata mmoja wao aliyepokea senti ya kodi ile. Sheria ya Kenya imemkumbuka mtu huyu: imelazimisha kila chombo cha barabarani kiwe na bima kwa ajili yake. Lakini bima hulipa fedha tu. Mguu wa mtoto hauna bei, na anayesema atalipa zaidi ameahidi asichoweza kutimiza.

Yamkini mtu atauliza: mbona wenyeji nao huendesha ovyo? Ni kweli, na kosa lao ni kosa. Lakini mwenyeji hubaki na wale aliowakosea. Ataonana nao sokoni, atakaa nao msibani, ataitwa mbele ya wazee. Mgeni huondoka. Asiyeweza kudaiwa na wengine yampasa ajidai mwenyewe, na hapo ndipo utu wa mtu hupimwa: pale ambapo hakuna atakayemfuata.

Mizani hii haimwelemei mgeni peke yake. Mwenye pikipiki asiyesema kwamba breki zimelegea, au adaiye fidia ya mkwaruzo uliokuwapo tangu mwaka jana, naye amevunja amana. Tena liko jambo gumu zaidi. Anapokuja mgeni asiyejua kuendesha, na fedha mkononi, na nyumbani hakuna chakula, je, akataliwe? Najua uzito wa njaa. Hata hivyo, yule mtu wa tatu barabarani huenda ana njaa ile ile, na wala hakuulizwa. Akataliwe kwa adabu, au apakiwe nyuma na dereva anayeijua njia, ili apate safari yake naye kijana apate ujira wake.

Wewe kijana usomaye haya, siku moja utakuwa mgeni. Utakodi chumba Kampala au baiskeli Moshi, na katika mji ule hakuna atakayejua jina la baba yako. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji alipwe, walisema apone. Rudisha kitu cha watu kikiwa kizima, na uache njiani watu wazima kama ulivyowakuta.