Masijala Isiyo na Karani

Ofisi ya serikali ilikuwa na masijala, na masijala ilikuwa na karani. Jalada halikutoka mpaka iandikwe nani kalichukua. Kila barua ilipewa namba ya folio, na aliyetaka kujua shauri limefikia wapi alisoma madokezo kuanzia la kwanza hadi la mwisho bila kumsumbua mtu. Siku hizi majalada yamehamia kwenye mifumo ya kushirikiana nyaraka: SharePoint iliyotoka mwaka 2001, Google Docs iliyofuata mwaka 2006, na katika taasisi za umma Tanzania, e-Office. Majalada yamehama, karani hakuhama nayo. Kazi yake imegawiwa kila mwenye nywila, na wengi wetu hatujataka kuipokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyaraka ni mali. Kwa hiyo nasaha zangu zote zina mzizi mmoja: ukiingia kwenye mfumo wa pamoja, karani ni wewe.

Nianze na tabia inayoudhi kuliko zote. Ripoti ipo kwenye folda ya idara, kila anayehusika anaweza kuifungua. Badala ya kutuma kiungo, mtu anaipakua, anaiambatisha kwenye barua pepe na kuwatumia wenzake sita. Kila mmoja anarekebisha yake. Kufikia jioni ofisi ina ripoti saba, na hakuna anayeweza kuapa ipi ndiyo yenyewe. Hapo yanazaliwa majina ya aibu: “Ripoti ya mwisho”, “Ripoti ya mwisho kabisa”, “Ripoti ya mwisho ya bosi”. Neno “mwisho” kwenye jina la faili ni ahadi ambayo hakuna aliyewahi kuitimiza. Wanaofanya hivi hujitetea kuwa wanaogopa mwenzao asije akaharibu maandishi yao. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mfumo wenyewe unatunza historia. Maktaba ya nyaraka ya SharePoint, isipobadilishwa mipangilio, huhifadhi hadi matoleo makuu 500 ya faili moja, kila toleo na jina la aliyeligusa na saa aliyoligusa. Karani wa masijala hakuwahi kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Mwenzako akiharibu, rudisha toleo la jana. Na kama hutaki aguse kabisa, mpe ruhusa ya kusoma tu. Faili ibaki moja, na jina lake liseme jambo lenyewe na tarehe, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Usichimbe folda ndani ya folda ndani ya folda. Njia nzima ya faili kwenye SharePoint, pamoja na majina ya folda zote, ina kikomo cha herufi 400, na mtafutaji huchoka mapema zaidi.

Yupo atakayenijibu kuwa nasaha hizi ni za watu wa mjini, kwamba wilayani umeme hukatika na bando huisha. Hoja hiyo ni ya haki, ila inamhukumu anayeitoa. Kiungo ni mstari mmoja wa maandishi. Faili ya megabaiti 10 ukiiambatisha kwa watu sita, na kila mmoja akaipakua, ni megabaiti 60 zilizoliwa, kabla hawajaanza kukurudishia marekebisho. Anayelia bando ndiye alitakiwa awe wa kwanza kuacha viambatisho. Tena mifumo hii inaruhusu folda kusawazishwa na kompyuta, ukafanya kazi bila intaneti, na mabadiliko yakapanda mtandao ukirudi. Sharti ni moja la kiungwana: waambie wenzako kuwa faili unayo wewe. Wawili wakihariri sehemu ileile wote wakiwa nje ya mtandao, mfumo utashindwa kuamua nani msema kweli. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Maoni ya pembeni yataje unamwambia nani na unataka afanye nini. “Angalia hapa” si maoni.

Sasa ruhusa, na hapa sina upole. Kuna anayeshea orodha ya mishahara kwa kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliye nacho, kwa sababu kuchagua majina kunamchukua dakika mbili. Kushirikiana si kuanika. Tangu Mei 2023 Tanzania inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Uvivu wa dakika mbili si utetezi mbele ya sheria hizo. Taja watu kwa majina, weka siku ya kiungo kukoma, na mtu akihama idara mwondoe siku hiyohiyo. Lakini upande wa pili nao una mgonjwa wake: anayefungia kila kitu kwenye folda yake binafsi, ili akiwa likizo ofisi nzima impigie simu. Huyu hudhani anajijengea umuhimu. Mkataba alioandika akilipwa mshahara ni wa ofisi, na kuuficha ni kuiba polepole. Kama jambo si siri kisheria wala si la mtu binafsi, mahali pake ni folda ya pamoja.

Usifute cha mwenzio bila kumuuliza. Ndiyo, SharePoint hutunza kilichofutwa kwa siku 93, lakini mwenye faili anaweza kuihitaji siku ya 94.

Kurasa za matangazo ya ndani zinahitaji mwenyewe anayejulikana kwa jina. Tangazo la kikao kilichokwisha miezi mitatu iliyopita, likiwa bado juu ya ukurasa, linawafundisha wafanyakazi kuwa hapo hapasomwi, na wakishafundwa hivyo, hata tangazo la moto hawataliona.

Kipimo cha yote haya ni mgeni. Mtu anayeanza kazi Jumatatu, asiyemjua yeyote, aweze kuupata mkataba wa mwaka jana kabla ya chai ya saa nne, bila kumuuliza mtu. Akishindwa, usiulaumu mfumo wala fundi wa kompyuta. Fungua folda yako leo, tafuta kila faili yenye neno “mwisho”, bakiza moja, uipe jina lake.