Mapenzi na Makaratasi

Dada yangu ni raia wa Marekani. Mumewe yuko Moshi, anasubiri viza. Juzi shemeji alinipigia kwa hasira: "Frateri, picha, meseji, risiti… mapenzi nayo yanathibitishwa kwa makaratasi?"

Nilimuunga mkono haraka (falsafa hutupa jeuri hiyo). Kanisa linafundisha kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa. Anayetamka kiapo huku moyoni ameikataa ndoa yenyewe, hakuna ndoa hapo. Ofisa wa ubalozi atauonaje moyo?

Kisha nikaisoma fomu ya I-864 aliyosaini dada. Kaahidi kumtunza mumewe akifika kule, na hata wakiachana, talaka peke yake haifuti ahadi hiyo. Nikanyamaza.

Nilimuuliza shemeji kama ameisoma. Bado. Nimemtumia.