Kuanguka Bila Kufika

Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma, kabla ya kufika mpakani utakuta njia ya kuchepuka kwenda kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi. Huko, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala kimondo: pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walikiandika mwaka 1930. Kila anayekwenda kukitazama huambiwa kwamba kilianguka kutoka angani. Ni kweli, ila ukweli huo ni nusu, maana hata huko angani kilikuwa kinaanguka.

Isaac Newton aliueleza mzunguko kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu sana. Tufe likirushwa kwa kasi ndogo litatua karibu. Likiongezewa kasi litatua mbali zaidi. Likifikia karibu kilomita 8 kwa sekunde, tena hewa isilizuie, kila linaposhuka, dunia nayo inajipinda kwa kadiri ileile. Tufe linaanguka lakini halifiki. Mwezi nao uko hivyo. Kila sekunde unatushukia kwa kama milimita 1.4, huku ukienda pembeni kwa takribani kilomita 1. Nguvu inayouvuta ndiyo inayoangusha embe. Kinachoutofautisha na embe ni mwendo wake wa pembeni.

Kwa hiyo kimondo cha Mbozi hakikuwa huru kisha kikanaswa. Kilivutwa na jua muda wote kilipokuwa kikilizunguka, mpaka njia yake ikakutana na ya dunia. Kilichokoma Ndolezi ni kule kuanguka kwake, kwa kuwa sasa kimepata ardhi ya kukizuia. Hata uzito tunaousikia miguuni tukisimama ni ardhi inayokataa kutupisha. Wanaanga walio kilomita 400 juu yetu bado wanavutwa kwa karibu asilimia 90 ya nguvu inayotuvuta sisi. Wanaelea kwa sababu chombo chao kinaanguka pamoja nao, hakuna sakafu ya kuwapinga.

Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni Tunduma, akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, huapa kwamba hasogei. Kumbe yeye, lori na foleni nzima wanalizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Hakuna pembe ya ulimwengu isiyofikiwa na mvuto. Ndiyo maana naona tunakosea tunapouwazia uhuru kuwa ni hali ya kutovutwa na chochote. Uhuru wa namna hiyo haupo hata kwa mwezi.

Nakiri kwamba chuma si mwalimu wa maadili. Kimondo hakikuchagua njia yake wala mahali pa kutua, na sheria za mvuto hazimkusudii mtu mema wala mabaya. Lakini hapo ndipo binadamu anapoachana na jiwe, kwa kuwa yeye anaweza kuuchagua mwendo wake. Basi anayelalamika kwamba anavutwa na wazazi, watoto, ukoo na kijiji alichozaliwa, asitumie maisha yake kutafuta mahali ambapo hawatamfikia. Ajiulize kwanza: mimi mwenyewe nina mwendo gani?